Bahari Iliyoteremka

Enzi zetu, sisi tuliokulia Masama, kule mlimani, bahari ilipakwa kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule. Aliyeipaka ni Baba mdogo Aloyce, mdogo wake baba, ambaye siku za kawaida aliandika vibao vya maduka kule mjini, Pasua na Kiboriloni. Biashara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, kila mwenye meza na mizani alitaka kibao, kwa hiyo hakukosa kazi. Lakini vibao aliviona kama kupalilia shamba la mtu mwingine. Alitaka aitwe mchoraji. Na mchoraji, kwa maoni yake, alichora mashua na bandari.

Msimu wake ulikuwa Desemba. Mnaokumbuka mnajua: ndugu wote wa mijini wanapanda kuja kula Krismasi, na kila mama anataka sebule isimwaibishe. Kuta zilipakwa chokaa, vitambaa vya kufuma vikafuliwa na kutiwa wanga, na juu ya makochi ikatundikwa picha ya Baba mdogo: mashua tatu zenye matanga meupe, gati, mabaharia watano, na nyuma yao, kwa kuwa nafasi ilibaki, Kibo na theluji yake. Tulikaa chini yake tukila ndizi na nyama, tukiamini ndivyo pwani ilivyo.

Hakuwahi kuiona bahari. Mashua alizitoa kwenye kalenda ya zamani. Mengine alijaza mwenyewe. Mabaharia aliwavisha sweta kwa sababu Bibi, mama yake, alimwambia alfajiri majini kuna baridi. Maji alijifunza kwenye mfereji uliokatiza kihamba chetu, shamba la ukoo, akichuchumaa na penseli huku migomba ikimdondoshea umande mgongoni. Ndiyo maana bahari yake iliteremka, kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, kama maji yote tuliyoyajua. Hakuna jirani aliyeona kasoro.

Nilipokuwa darasa la sita, Baba mkubwa Deo, kaka yao baba na Aloyce aliyefanya kazi bandarini Dar es Salaam, alisimama mbele ya picha iliyotundikwa kwa Bibi akiwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Sebule ilikuwa imejaa.

"Aloyce, mdogo wangu," alisema, "mwambie Mama aondoe zulia. Hii bahari itamwagika kabla hatujala."

Nyumba nzima ilicheka. Nami nilicheka, tena sana, kwa kuwa alikuwa ametuletea biskuti. Baba mdogo alitabasamu mpaka watu walipomaliza, kisha akatoka kwenda kuwapa majani ng'ombe ambao walikuwa wameshakula.

Januari alipanda basi kwenda Tanga, peke yake. Alirudi baada ya siku nne, akamwambia Bibi jambo moja tu: "Mama, imelala kama sinia." Halafu akajifungia kwenye stoo ya kahawa wiki mbili. Picha aliyotoka nayo ilizidi zote: maji yamenyooka, meli ya chuma, winchi, malori, mpagazi amelala juu ya magunia. Kutu ya meli ile ilikuwa kutu kweli. Nilitamani kuikwangua kwa ukucha. Aliiegemeza ukutani mbele ya Bibi, akasubiri, kofia mkononi.

Bibi aliitazama muda mrefu.

"Mashua ziko wapi?"

"Ni chache siku hizi, Mama. Ndivyo kulivyo."

"Na haya maji yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote."

"Basi umenichorea dimbwi, baba. Niachie bahari yangu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku ile Baba mdogo hakuchora tena. Aliandika SALUNI, akaandika DUKA LA DAWA, kwa herufi nzuri kupita kiasi. Sokoni zikaingia picha za kuchapwa, za maporomoko na nyumba za Ulaya, na hakuna aliyemuuliza mashua zimekwenda wapi. Ile picha ya kutu iliishia kuziba banda la kuku.

Miaka baadaye nilikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, na safari yangu ya kwanza ufukweni nilibeba sweta. Vijana wa leo wangeuliza simu; sisi tulikuwa tumeona picha. Nilisimama mchangani nikitokwa jasho, nikaitazama bahari imelala pale, na wazo langu la kwanza, naona aibu kukiri, lilikuwa kwamba hii ya kweli ndiyo iliyokosewa.

Bibi alipofariki, picha yake ilikuja kwangu. Dirishani kwangu, hapa Dar es Salaam, huonekana kipande cha bandari, na winchi zake, kama Baba mdogo alivyoileta kutoka Tanga. Wanangu huita bahari yoyote ya dunia kwenye simu kwa kidole gumba, na hakuna hata moja iliyowahi kukaa nao hadi chakula cha mchana. Sisi tulikuwa na moja, ya makosa, tukaitazama utoto wetu wote.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Baba mdogo. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akauliza:

"Bado inateremka?"

"Inateremka, Baba mdogo."

"Ilete Desemba niinyooshe. Inanitia aibu."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu lile dimbwi, kumsikia akitaja kushika brashi kwa ajili ya picha. Nitaipeleka. Nitamwambia sweta za mabaharia zimepauka, azipake upya, taratibu, zote tano. Bahari asiiguse.