Kipimo cha Mjukuu

Bachal Soomro, tuliyemwita Saain, yaani bwana, alipiga picha za eksirei katika hospitali yetu hapa Shikarpur miaka thelathini na mmoja, na kama hujamsikia akijisifu, basi hujapita mtaa wetu. Mimi Zulekhan nilikuwa nikimshikia watoto wasifurukute, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Picha zake zilikuwa safi, simnyimi. Mbavu za mtoto mchanga ungezihesabu umesimama mlangoni. Madaktari wakamvika shali ya ajraki, ile ya kumpa mtu heshima, mbele ya watu, na tangu siku hiyo nadhani hata chooni aliingia nayo. Siri yake nini? Mionzi ya mtu mzima kwa mtoto wa kilo nane. Zamani ukizidisha, filamu ilitoka nyeusi tii, ukaumbuka. Ilipokuja kompyuta, ukizidisha ndiyo kwanza picha inapendeza.

Akaletwa Sorath, binti katoka chuoni, akawapiga watoto kwa mionzi midogo. Picha zake zilikuwa na chengachenga, lakini nimonia ilionekana, na daktari hakutaka zaidi ya hiyo. Bachal akamfanya kichekesho. Alizibandika kwenye kioo cha taa mbele ya wagonjwa, akiuliza kama hicho ni kifua au dhoruba ya mchanga. Sorath alimwambia mionzi inayozidi inaweza kumletea mtoto saratani ukubwani. Bachal akasema mionzi haina harufu wala rangi, sasa anaogopa nini? Mimi niliendelea kuwashika watoto. Roti yangu, mkate wa kila siku, ilitoka hapo hapo.

Alhamisi moja mkwe wa Bachal akaingia na mjukuu wake, Mumal, miezi saba, kifua kinakoroma. Nikamvua hirizi, nikamshika. Mkono wa Bachal ukaenda kwenye vitufe, ukarudi. Akamwita Sorath kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mpige wewe. Weka ile yako ndogo."

"Itatoka na chenga, Saain."

"Na itoke. Huyu ni mtoto."

Jamani! Na wale wengine walikuwa mbuzi? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Picha ilipokwisha nikafungua mlango, nikaiambia foleni nzima kwamba Saain kataka mjukuu wake apigwe mionzi midogo, siyo ile anayowapigia watoto wao.

Mke wa muuza achari, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akainuka na mwanawe. Hakupiga kelele.

"Saain, na wangu mpige kwa kipimo cha mjukuu."

Wa pili naye akasema vivyo hivyo, na wa tatu. Siku hizi wanawake wanatoka vijijini huko, hata salamu hawajamaliza, wanataka kipimo cha mjukuu. Bachal amestaafu na shali yake begani, na akiulizwa anadai yeye ndiye aliyekianzisha.

Mimi niliwashika wale wa mwanzo, wa mionzi mikubwa, kwa miaka kumi na tisa. Wengi sasa ni vijana. Nikikutana nao sokoni, huwauliza hali mara mbili.