Wenyewe wa Chini

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mkange, maji ya moto hayakumwagwa chini hivi hivi. Bibi yangu, aliyenilea, alisimama kwanza na sufuria mkononi, akasema, "Bismillahi, tupisheni," akangoja kidogo, ndipo akamwaga. Chini, alituambia, kuna wenyewe, na wana watoto. Ukiwaunguza watahama, na wakihama huondoka na maji.

Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, ndiye aliyelima shamba lililotulisha sote. Mwaka mmoja mchwa walikula pingili zake za mihogo hata kabla hazijachipua. Asubuhi moja akainjika debe la maji kando ya kichuguu.

"Hamisi, usimwage hapo," Bibi alimwambia.

"Mama, hao wenyewe wako wanakula tu, hata kupalilia hawapalilii!"

Tulicheka sote, isipokuwa Bibi. "Cheka. Utawatafuta."

Akamwaga. Mvuke ulipanda na harufu ya udongo uliopikwa, nami nikatega sikio nisikie watoto wakilia. Hakulia mtu. Msimu uliofuata alileta dawa ya dukani, ikamaliza vichuguu vilivyobaki. Kisha akaanza kuchoma mabua na majani makavu, mchwa wasipate pa kurudia. Nisiseme uongo: misimu miwili mitatu tulivuna kuliko zamani, na Bibi alitaniwa mpaka akanyamaza.

Halafu shamba likaanza kukataa mvua. Sina namna nyingine ya kulieleza. Maji yalianguka, yakateleza juu ya udongo kama juu ya sakafu, yakaenda zake barabarani yakiwa mekundu. Kisima cha bondeni kikawa cha matope, kisha cha vumbi. Bibi alifariki kabla hakijakauka kabisa. Hakuona neno lake likitimia, na sijui kama nishukuru.

Chuoni nilisoma udongo. Tulifundishwa kwamba vijia vya mchwa huipeleka mvua chini, na kwamba majani yanayooza ndiyo yanayoshika unyevu. Siamini kwamba kuna watoto walioungua. Ila kuhusu maji, Bibi alikuwa sahihi.

Juzi baba mdogo alinipeleka shambani. Alipiga jembe, likadunda.

"Mwanangu, wewe umesoma. Nikiacha kuchoma, nikafunika udongo kwa majani, patarudi kama zamani?"

"Patarudi, Baba. Polepole sana."

"Nitapaona?"

Nilimtazama. Amezeeka, masika siku hizi hayajulikani yatakuja lini, na majani ya kufunika eneo lote lile hayapo tena, hata kwa majirani. Nilitamani kumdanganya.

"Hapana, Baba."

Akanishukuru, akainua tena jembe.

Najua sasa, kwa majina yote ya darasani, kilichokufa pale. Kukijua hakujalirudishia shamba hata tone.