Jina la Hewani la Térence

Katika redio yetu ya kujitolea pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hakuna mtangazaji anayetaja jina alilopewa na wazazi wake. Wengi wetu tulikimbia watu wanaotujua, na sauti ya hewani hufika hata usikoitaka. Mimi Nabintu nilijiita Dada Mapendo. Térence, Mrundi mpole aliyelima mahindi asubuhi na kutangaza mchana, alijiita Mjomba Salama. Jina la kizee kwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Nilimtania mpaka akazoea.

Kipindi chake cha Jumamosi kilikuwa mchanganyiko mtupu: rumba, kwaya za Kirundi, nyimbo za Kisomali, halafu ghafla nyimbo za wachunga ng'ombe wa huku Isingiro. Katikati alisoma matangazo ya watu waliopotezana, na aliwakutanisha wengi. Lakini mama yake mwenyewe, Angeline, Térence hakuwahi kumtangaza. Walipotezana mpakani yeye akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, wiki ile baba yake alipouawa, na aliamini wauaji bado wanalitafuta jina la familia.

Nilichoka. Hasira ninazo, sikatai. Mwezi wa saba nilimwambia kwa Kiswahili cha kwetu, "Weye unatafutaka ba mama ya batu, ya kwako unamuacha? Nipe jina yake, nitasoma miye."

Baada ya siku mbili alinipa karatasi yenye jina la mama yake. Jumamosi niliisoma: Angeline, kutoka Makamba, anatafutwa na mwanawe Térence, ambaye ni Mjomba Salama wa redio hii. Wimbo uliofuata haukuisha kabla simu haijalia. Alikuwa Cansilde, Mrundi mwenzao anayeuza mkaa Kakoba, Mbarara mjini.

"Huyo mama namujua, tulipanga nyumba moja," alisema. "Mukuje tuongee."

Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza. Tulikuwa wajinga kwa furaha. Kesho yake tulipanda gari la mapema, na tulipofika mjini Térence alinunua kitenge cha bluu, akakibeba mikononi bila kukubali nikiweke kwenye mfuko.

Cansilde alitupokea mlangoni. Alikitazama kile kitenge, akaanza kulia kabla ya kutusalimu. Angeline alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Kifua kilimsumbua tangu mvua za masika.

Nilihesabu zile wiki kichwani. Kama ningekasirika mwezi mmoja mapema, angemkuta hai. Hilo silisamehe.

Térence hakulia. Aliuliza kama mama yake alikuwa na redio.

"Alikuwa nayo, mwanangu. Jumamosi hakuna aliyepiga kelele humu ndani. Alisema huyu Mjomba Salama anacheka sawasawa na marehemu bwana wake."

"Mbona hakupiga simu?"

"Alituma salamu mara mbili. Ulizisoma."

"Kwa jina gani?"

"Mama Furaha. Hata yeye alikuwa anaogopa, kama weye."

Térence alikaa chini palepale mlangoni, kitenge mapajani. Salamu ya kwanza hakuikumbuka. Ya pili aliikumbuka vizuri, kwa sababu aliikata katikati, muda wa kipindi ulipokwisha.