Kurudia Maneno ya Mkubwa

Mjomba wetu alirudi Iringa na lugha saba, au ndivyo alivyodai. Kabla ya kufungua duka la mabomba pale Kihesa alikuwa baharia kwenye meli za mizigo, na kwa muda mrefu nilishindwa kuamini hata nusu ya habari zake. Siku hizi kila kijana wa Ilomba, kule Mbeya ninakoishi mimi, anamwita mwenzake baharia, hata kama maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Nyasa. Kwa baharia wa kweli, aliyekulia kwenye baridi na Kihehe, nilitaka ushahidi.

Basi kila nikienda kumtembelea bibi Kihesa, nilimhoji mjomba huku simu iko mkononi.

"Kifilipino cha kuwaita watu mezani?"

"Kain tayo."

Nikatafuta. Kweli.

"Kigiriki cha kumwambia mtu njoo?"

"Ela."

Kweli tena. "Na cha kumshukuru?"

Akakuna kidevu. "Hicho sikukihitaji. Wagiriki niliofanya nao kazi walinitukana tu, na mimi nikajifunza namna ya kuwajibu."

Nilimuuliza ni watu gani waliomcheka zaidi. Nilitegemea ataje Wazungu, akataja Waunguja. Mpishi mmoja wa kutoka Unguja hakuvumilia kabisa Kiswahili chetu cha bara. Mjomba akisema "ile kitu," jamaa anashikilia upawa hewani mpaka aseme "kile kitu," ndipo anapakuliwa. "Upatanisho wa ngeli nimejifunza kwa njaa," alisema.

Maswali yangu yangebaki ya sebuleni kama mdogo wangu asingeitwa kwenye usaili. Alikuwa amemaliza mafunzo ya ubaharia Dar, akarudi kukaa kwa bibi aliyemlea, akawa anauza viungio vya mabomba dukani kwa mjomba. Wakala wa ajira za melini alishamtafutia usaili mara kadhaa kwa njia ya video, akakosa mara zote, na hakuna aliyemweleza sababu. Sasa wakala alimwambia wazi kwamba huu ndio wa mwisho: akikosa tena, atampa nafasi mtu mwingine. Nilipanda basi kutoka Mbeya kwa sababu nilitaka kumsaidia, na pia, niseme ukweli, kwa sababu nilitaka kujua anakosea wapi. Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wengi niliosoma nao chuo kikuu.

Mjomba alimpa sinia la bibi liwe usukani. Walikuwa wakitumia Kiingereza cha melini, lakini hapa naandika Kiswahili ili tuelewane.

"Kushoto kumi!" mjomba akaamuru, yaani usukani uende nyuzi kumi kushoto.

"Sawa, mjomba."

"Nani kakuuliza kama ni sawa? Kushoto kumi!"

"Ndiyo, mjomba."

"Rudia nilichosema!"

Mdogo wangu akatazama sakafu. "Najua kwamba inatakiwa kurudia. Darasani nilikuwa narudia vizuri tu. Lakini mkufunzi wetu alikuwa kijana. Hawa makapteni ni wazee. Namrudishiaje mzee maneno yake usoni?"

Kumbe ni hilo. Kwa bibi, mtoto akitumwa anaitika kwa sauti ya chini, kisha anaondoka kimya. Anayerudia maneno ya mkubwa anamwigiza, na anayemwigiza mkubwa, sisi tulijua anafinywa wapi. Makapteni walikuwa wanamwamuru, naye anawaitikia kwa heshima zote, nao wanamwandika kuwa hafai.

Sikuridhika. "Lakini kwa nini arudie, kama amesikia?"

"Wewe umejuaje kwamba amesikia?"

"Amesema ndiyo."

"Ndiyo!" Mjomba akacheka. "Mwanangu, kila taifa nililofanya nalo kazi, neno la kwanza kulijua kwenye lugha ya mwenzake ni ndiyo. Wanasema ndiyo hata wasipoelewa kitu. Mimi mwenyewe ofisa aliniambia nilegeze kamba, nikasema ndiyo, nikaikaza."

"Ikawaje?"

"Ikakatika. Ilipita hapa." Akaonyesha pembeni ya sikio. "Siku ile nilikuwa na adabu sana."

Sikuwa na namna ya kulithibitisha hilo. Kamba iliyokosa sikio haiachi alama.

Wakaanza upya, kwa sauti zaidi. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anachangamka, "Kushoto kumi!" "Kushoto kumi!", bibi alipoingia kutoka jikoni.

"Wee, mume wangu! Unamwigiza mjomba wako?"

"Mama, nimemtuma mimi," mjomba akajitetea.

"Umemtuma akudhihaki? Na hilo sinia langu?"

Akalichukua akaondoka nalo. Mjomba alimfuata jikoni, na nikamsikia akieleza kwa Kihehe, muda mrefu.

Mimi nilichochangia ni wasiwasi wangu. Nilisema hatujui kapteni atakuwa mtu wa wapi, kwa hiyo mjomba atoe amri kwa lafudhi zote alizowahi kuzisikia. Akatoa ya Kirusi, ya Kifilipino, ya Kigiriki yenye matusi ndani yake. Nilipomwomba kapteni Mnyakyusa, alimwiga vizuri kiasi kwamba mdogo wangu aliliachia sinia la pili, tulilolitafuta baada ya lile kuchukuliwa, likaanguka. Tukakubaliana pia kwamba asipoelewa aseme hivyo hivyo: sijaelewa, rudia tafadhali.

Siku ya usaili simu tuliiegemeza kwenye chupa ya chai. Mjomba alikuwa ameandaa salamu za Kigiriki, kapteni akatokea ni Mhindi, mzee mwenye mvi na miwani, mfano wa mchungaji wa usharika wetu. Bibi alikuwa pembeni anasuka kikapu cha majani ya milulu. Tulimwomba akae chumba kingine, akauliza hiyo sebule ni ya nani.

Maswali ya mwanzo yalipita salama. Kisha kapteni akanyoosha mgongo na kutoa amri ya kwanza. Kushoto kumi.

Mdogo wangu akafungua mdomo. Macho yakamwenda kwa bibi. Nilisikia milulu ikikwaruzana, kisha sikuisikia tena.

"Mrudishie mzee," bibi akasema, bila kuinua kichwa.

"Kushoto kumi, bwana!" sauti ya mdogo wangu ikatoka kama ya muuza magazeti.

Baada ya hapo amri zilikuja mfululizo naye akazirudia zote. Moja ilikuja kwa kasi na lafudhi nzito, na nilijikuta natikisa kichwa kukubali, mimi niliyekuwa nje ya kamera na sikuelewa hata neno. Mdogo wangu akasema, "Sijaelewa, bwana. Rudia tafadhali." Kapteni akarudia polepole, na kwa mara ya kwanza akaandika kitu huku anatabasamu.

Wakala alipiga simu wiki iliyofuata. Amechukuliwa.

Asubuhi ya safari bibi alimsindikiza mpaka getini, mimi na mjomba tumebeba mabegi.

"Ukifika Dar unipigie," bibi akamwambia.

"Nikifika Dar nikupigie."

Bibi akamkazia macho. Nilidhani tumeharibu.

"Sweta usilivue."

"Sweta nisilivue."

"Chakula chao ule hata kama hukijui."

"Nile hata kama sikijui."

Nikaona bibi ameanza kuupenda mchezo. Alimfunga kifungo cha juu cha sweta, ambacho hakikuhitaji kufungwa.

"Na urudi."

"Na nirudi, bibi."

Mjomba alikuwa ameshanieleza kwamba kurudia amri si kuahidi, ni kuonyesha tu kwamba imefika. Sijui kama kule jikoni alimwambia bibi na hilo. Bibi aliendelea kukishika kile kifungo.

"Sema tena," akamwambia, naye akasema tena.