Maji Kwanza, Unga Baadaye

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi nilipokabidhiwa mwiko katika mgahawa wa Bi Zuhura, mbele ya stesheni ya Dodoma, wakati wa utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani. Nilikuwa nimetoka kubeba mawe ya reli. Bi Zuhura, ambaye babu yake alifika na misafara ya biashara, aliitazama mikono yangu akasema, "Hiyo inafaa. Ugali wa watu arobaini hausongwi na mikono laini."

Mgahawa ulikuwa banda la miti na udongo, na mabenchi yake yalitokana na mbao za masanduku. Sahani ya ugali wa uwele na mlenda ilikuwa hela sita, na hela mia zilifanya rupia moja. Nyama ilipatikana siku za mnada, nayo ilichinjwa na Mwislamu ili pasiwe na mtu wa kusukuma sahani. Vibarua, wachungaji na makarani walikaa benchi moja, na aliyetaka kujitenga alikwenda kula kwake.

Kazi ilifuata kanuni moja. Karani wa simu alipotuambia kwamba gari moshi limetoka Gulwe, stesheni ya upande wa mashariki, tulibandika sufuria mbili kubwa juu ya mafiga, yale mawe matatu ya jiko, tukachemsha maji. Unga haukuguswa. Nilipanda kichuguu nyuma ya banda nikatazama mashariki. Moshi ukionekana, ndipo unga ulipomwagwa. Gari liliposimama, ugali ulikuwa tayari na bado unatoa mvuke.

Masika ya mwaka wangu wa pili, maghala yalikuwa matupu na mavuno yalikuwa mbali. Tulibakiwa na gunia moja. Asubuhi karani alisema gari limetoka Gulwe, tukachemsha maji. Adhuhuri ikapita bila moshi. Simu nayo ikakatika.

Mkuu wa stesheni, Mdachi mwenye sauti nene, alikuja akafunua sufuria.

"Maji tu! Chakula wapi?"

"Chakula kimo guniani, Bwana," alijibu Bi Zuhura.

"Pika sasa. Gari likifika, watu wakiondoka na njaa, mimi navunja banda hili."

"Bwana, maji yakilala hayachachi. Ugali ukilala ni wa mbwa."

Akaondoka akinung'unika. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika mdomo wa gunia.

"Bibi, tupike. Huyu atavunja kweli."

"Akivunja banda, miti ipo porini. Tukimaliza unga leo, kesho utamsongea nani vumbi? Rudi kichuguuni."

Jua likatua bila gari. Kulipokucha tuliwasha moto tena. Mkuu wa stesheni alikuja mara mbili, na mara ya pili alikuja na askari mwenye shoka. Bi Zuhura aliwapa viti. Aliendelea kuchambua mlenda kana kwamba wamekuja kumsalimu, ingawa niliona akitupa majani mazuri na kuweka mabovu.

Saa tisa alasiri nikauona moshi. Niliposhuka nikikimbia, Bi Zuhura tayari alikuwa ameinua gunia. Nilisonga sufuria ya kwanza, yeye akasonga ya pili, na askari aliweka shoka chini akatusaidia kuchochea kuni.

Abiria walishuka wakiwa na matope hadi kiunoni. Mafuriko yalikuwa yamefunika reli njiani.

"Bibi," alisema kibarua mmoja, "gari halikutuleta. Sisi ndio tuliolileta."

"Basi mikono iliyosukuma gari inawe kwanza, mwanangu."

Wakacheka, wakanawa, wakala. Hakuna aliyepanda tena gari bila kushiba. Mkuu wa stesheni alisimama mlangoni mpaka sahani ya mwisho, kisha akaomba ya kwake. Banda halikuguswa.

Baadaye nilipika katika kambi ya mafundi wa reli kule Gulwe, chini ya msimamizi aliyetaka kila kitu kiive kabla hajaamka. Hatimaye nikafungua mgahawa wangu huko Miyuji, nikaufunga magoti yalipokataa kuchuchumaa jikoni. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi waliojua kuamuru. Aliyejua kungoja alikuwa mmoja.

Wapishi vijana hunijia kuuliza siri ya faida. Nawaeleza habari za jioni ile, Bi Zuhura alipokung'uta gunia tupu mlangoni na kulikunja vizuri.

"Jana lingekwenda bure," alisema. "Unga wa rupia nne."