Viluwiluwi wa Maji Safi

Kabla sijaajiriwa kuosha vyombo katika maabara ya chuo, nilikuwa nimepakia mahindi Moi's Bridge, nikapasua mbao Timboroa, nikajaza sponji kwenye viti katika karakana moja mjini Eldoret. Shule niliiacha darasa la sita. Kila kazi niliikalia mpaka nijue inavyokwenda, kisha miguu ikaanza kuniwasha.

Pale maabara sikuwashwa upesi. Mwalimu mmoja, mama wa sauti ya chini, alifuga viluwiluwi, wale watoto wa chura, katika mabeseni ya kioo. Mengine yalikuwa na maji safi. Mengine aliyatia matone ya dawa ambayo viwandani hutiwa kwenye vitambaa na baadhi ya magodoro ili yasishike moto upesi. Alitaka kujua kama dawa hiyo inaharibu ubongo. Kila asubuhi aligonga kioo kwa penseli. Kiluwiluwi mzima huchomoka mara moja. Wa dawa walichelewa, au wakazunguka palepale kama mlevi anayetafuta mlango.

Kisha wa maji safi nao wakaanza kuzunguka.

"Ni huyu," alisema fundi wa maabara, mzee aliyevaa beji ya chama cha mafundi kila siku ya Mungu. "Madam, mtu wa darasa la sita unampa beseni? Ameosha na sabuni."

"Mzee, sabuni sijagusa. Naosha na maji ya moto, vile ulinionyesha."

"Basi wamekunywa busaa."

Mwalimu hakucheka. Bila viluwiluwi wazima wa kulinganisha nao, kazi yake ya miezi ilikuwa bure.

"Nipe sababu kufikia mwisho wa mwezi," aliniambia, "ama nitafute mtu mwingine."

Niliyachunguza mabeseni yale. Maji yalitoka tangi moja, na chakula kilikuwa mchicha uleule uliochemshwa. Kitu kipya kilikuwa vipande vya sponji vya kuchujia maji, na hivyo nilivileta mimi. Fundi alikuwa ameviomba, nami nikapita kwenye ile karakana nikaokota mabaki sakafuni, nikajiona mjanja.

Hapo nikakumbuka kitu. Pale karakana tulitengeneza viti vya kumbi, na msimamizi alipenda kuwashia sponji kiberiti mbele ya wateja, waone isivyowaka. Nilichukua kipande kilichobaki, nikatafuta kingine cha godoro kuukuu, nikavitoa nje nikaviwashia kiberiti. Cha godoro kiliwaka kikadondosha matone meusi. Changu kilijikunja kikazimika chenyewe: kilikuwa na dawa ile.

Ningeweza kuvitupa nikanyamaza. Lakini lawama ya sabuni ingebaki kwangu; kuosha kwa sabuni badala ya maji ya moto ni uvivu, na mvivu mimi si. Nilishuka kwenye bwawa la chuo nikaleta viluwiluwi wapya, nikawagawa katika mabeseni mawili ya maji yaleyale: moja lina sponji yangu, lingine halina. Nikangoja siku kumi, kisha nikamwita mwalimu.

"Madam, gonga."

Aligonga. Wasio na sponji wakachomoka. Wenzao wakazunguka.

"Hiyo sponji ulitoa wapi?"

"Kwa viti, karakana nilikokuwa. Ni mimi niliwaharibu wale wa kwanza. Lakini si na sabuni."

Alikitoa kile kipande majini akakibana, akatazama maji yakidondoka. "Kwa hivyo dawa inatoka yenyewe? Hata kama hakuna mtu ameimwaga?"

"Ndiyo hivyo naona, Madam."

Alivuta kiti akakaa. Yeye alikuwa ameipima dawa ya kumwaga kwa mkono tu. Ile inayotoka kwenye kiti cha mtu hakuwa ameifikiria. Akageuza daftari lake la kazi likaelekea kwangu.

"Andika vile umefanya na vile umeona."

"Huyu?" fundi akasema. "Ataandika na Kiswahili!"

"Aandike na Kiswahili."

Niliandika mistari sita, polepole. Mzee alisimama nyuma yangu akisoma neno kwa neno, na hakupata la kufuta.