Orodha Moja kwa Kurasa Zote

Mwaka 2015, Warundi walipokuwa wakiingia kwa wingi, nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ndogo hapa Kasulu iliyosaidia watu kutafuta ndugu waliopotezana njiani. Java, lugha ya kuandikia programu, nilijifunza mwenyewe. Nikatengeneza kurasa mbili, moja ya kuandikisha waliofika, nyingine ya kutafuta.

Asubuhi moja alikuja mama wa Kirundi kumuulizia dada yake. Yeye aliongea Kirundi, mimi Kiha, tukaelewana. Nikaandika jina, kompyuta ikajibu hayupo. Nikamwambia arudi Alhamisi.

Alipotoka, kitu kikanisumbua. Wiki nzima sikuwa nimempata mtu hata mmoja. Nikajiandikisha mwenyewe, kisha nikajitafuta. Sikuwepo! Nikajiuliza: nimewarudisha wangapi?

Nilimwendea mkimbizi mmoja wa Kikongo aliyekuwa mkalimani wetu; alikuwa amesomea kompyuta Bukavu. Alisoma maandishi ya Java ya kurasa zangu, akaweka kidole kwenye neno new, linaloamuru kitu kipya kiundwe.

"Unaona, ndugu? Kila ukurasa unajiundia yake liste. Ziko mbili, hazijuane."

"Sasa nifanyeje?"

"Usiunde. Omba tu, seva, ile programu inaendesha kurasa zako, itakuletea."

Juu ya orodha akaweka alama ya @ApplicationScoped, maana yake iwe moja tu kwa programu nzima. Kwenye kila ukurasa akafuta new, akaandika @Inject, yaani ombi la kuletewa. Basi. Nikajiandikisha tena, nikajitafuta. Nikaliona jina langu.

"Lakini inaitoa wapi? Mimi sijaiunda popote."

"Seva ndiyo imeiunda, mara moja tu. Iko nayo, inaigawia kila anayeomba."

Sikuridhika. Nikaongeza ukurasa wa tatu usio na kazi, nikaomba orodha humo pia. Majina yakaja yaleyale.

Majina ya awali yalikuwa yamepotea na orodha za zamani, hivyo siku mbili tukaingiza upya fomu zote za karatasi walizojaza waliofika. Dada wa yule mama alikuwa katika kambi ya Nyarugusu, eneo jingine na alikokaa yeye, tangu wiki iliyotangulia. Alhamisi nilipomwonyesha jina kwenye kioo cha kompyuta, alilisoma polepole kwa kidole, akaniuliza kama dada yake amekuja na watoto. Wawili, nikamwambia. Alikaa chini sakafuni akalia, kisha akacheka.

Alipoondoka nilimfuata yule Mkongo. "Na wakiandikisha watu wawili kwa wakati mmoja, orodha si itavurugika?"

Akavuta kiti. "Swali zuri hilo. Kaa."